Lengo Dogo na Shajara ya Mwalimu

Mwalimu apangiwaye shule ya Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, hufika kwa chombo, na mkaguzi naye hungojea maji. Sifa za wakubwa humfikia kwa nadra. Akizitegemea hizo kumtia moyo, atachoka mapema.

Lengo la "kuinua elimu" halimsaidii, maana hana njia ya kujua kama limetimia. Na ajiwekee lengo linalohesabika: tuseme, watoto 8 wa Darasa la Kwanza wasiojua silabi wazisome bila msaada ifikapo mwisho wa mwezi. Kila jioni aandike mistari mitatu: nani amesoma, nani amekwama, kesho atajaribu nini. (Hii si shajara ya somo ikaguliwayo na mwalimu mkuu, ni yake mwenyewe, kwa hiyo haina haja ya kupambwa.)

Aandike na maji pia. Saa ya kujaa husogea kwa dakika 50 hivi kila siku, na siku za bamvua maji hupanda zaidi. Asiyeandika humwita mtoto mtoro. Aliyeandika kwa majuma 6 ataona kama utoro huo hufuata mwezi, au hufuata mpunga, jamaa wahamiapo madunguni kuamia ndege. Hapo hurekebisha azimio la kazi badala ya kushika fimbo: silabi mpya siku za maji mafu, marudio siku za bamvua.

Mwezi ukiisha, ahesabu. Wakiwa 5 waliosoma, ayaandike majina yao. 3 waliobaki ndio lengo la mwezi ujao.