Kitufe cha sigara ya mvuke kikichoma kidole, usikimbilie kununua kingine

WENGI wa wanaotumia sigara za elektroniki za kimakanika wamewahi kukumbwa na jambo hili. Mtu anabonyeza kitufe kwa sekunde tatu au nne ili avute mvuke, na ghafla kidole kinahisi moto kana kwamba kimegusa kifuniko cha sufuria iliyo jikoni. Baadhi yao hufunga kidole kwa kitambaa na kuendelea. Wengine hununua kitufe kipya, nacho baada ya majuma mawili huanza kuchoma vivyo hivyo. Ni wachache wanaojiuliza joto lile linatoka wapi, ilhali jibu la swali hilo ndilo linaloamua iwapo chombo kinahitaji kusafishwa tu au kinapaswa kuwekwa kando mara moja.

Chombo chenyewe ni sahili mno. Ni bomba la shaba, alumini au chuma cha pua, betri moja ndani yake, kitufe chini, na juu kichwa chenye koili ya waya na pamba iliyoloweshwa majimaji. Kitufe kikibonyezwa, umeme hutoka katika betri, hupita kwenye koili, kisha hurudi kupitia ukuta wa bomba hadi kwenye kitufe na kuingia tena katika betri. Koili hupata moto na majimaji hugeuka mvuke. Anayeijua tochi ya zamani anakijua chombo hiki.

Sigara nyingi za elektroniki zinazouzwa madukani zina saketi ndogo ndani inayopima umeme na kuukata pindi mambo yanapokwenda mrama. Hii ya kimakanika haina. Mlinzi wa pekee ni mtumiaji mwenyewe, na kitufe kinachochoma ni mojawapo ya ishara chache ambazo chombo kinaweza kumpa. (Makala haya hayamshawishi yeyote aanze tabia hii. Nikotini ni mraibishaji mkubwa, na asiyevuta hapungukiwi na lolote.)

Sasa tuligeukie joto. Dereva yeyote wa matatu anajua kwamba terminali ya betri ya gari ikilegea au ikiota unga mweupe, stata huzunguka kwa shida, na ukiigusa terminali ile utaikuta ina moto. Betri haina kosa, na waya hauna kosa. Kosa lipo pale vyuma viwili vinapokutana bila kugusana sawasawa. Mahali hapo umeme hupata ukinzani, yaani kizuizi, na kila umeme unapolazimishwa kupita penye kizuizi hugeuka joto. Kitufe cha sigara ya mvuke hufuata kanuni iyo hiyo.

Kinachowashangaza wengi ni udogo wa kizuizi kinachotosha kuleta madhara. Tuseme uchafu kwenye kitufe umeongeza ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida ya fundi wa redio haiwezi kukipima vyema. Betri iliyojaa ina volti 4.2. Ikiwa koili ni ya omu 0.5, mkondo wa umeme utakuwa takriban ampea 8, na joto linalozalishwa kwenye kitufe litakuwa kama theluthi mbili za wati moja. Kidole hakitalihisi sana. Koili ikiwa ya omu 0.2, mkondo utafika ampea 20 na joto litakuwa wati 4. Ikiwa ya omu 0.1, ambayo baadhi ya vijana huipenda kwa sababu ya wingu kubwa la mvuke, mkondo utakaribia ampea 38 na joto litapita wati 14, zote zikiwa zimerundikana kwenye kipande cha chuma kisichozidi sarafu ya shilingi kumi. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ndiyo maana kitufe kilichokuwa baridi mwaka mzima kinaweza kuanza kuchoma siku ile ile mwenyewe alipobadilisha koili, bila kuwa na kasoro yoyote mpya.

Uchafu wenyewe huja kwa njia kadhaa. Majimaji huvuja kutoka juu na kushuka hadi chini, yakaacha utando unaonata. Shaba hufanya weusi au ukijani kwa kukutana na hewa na jasho la mkono. Vilevile kila kitufe kinapogusa na kuachia, cheche ndogo huruka na kuacha doa jeusi la masizi. Doa hilo huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto, nalo joto huharakisha doa jingine. Sehemu ambayo husahaulika ni hesi, ile mifuo ya parafujo inayounganisha kitufe na bomba. Umeme wote hupita hapo, na hesi chafu huchoma sawa na kitufe kichafu.

Lakini mhalifu mkubwa zaidi ni springi. Katika vitufe vilivyoundwa vizuri, kazi ya springi ni kukirudisha kitufe juu baada ya kuachiliwa, basi. Umeme unapaswa kupita kwenye nguzo ya katikati na kwenye kuta. Nguzo inapokuwa chafu au kuta zinapolegea, umeme hutafuta njia nyingine, na njia iliyo karibu ni waya ule mwembamba wa springi. Waya mwembamba haustahimili ampea 20. Huwa mwekundu, hulainika, kisha hunywea na kupoteza unyumbukaji wake. Hapo hatari hubadilika sura: kitufe hubaki chini hata kidole kikiondolewa, na chombo huendelea kuwaka pekee mfukoni au juu ya meza. Kwa hiyo ukifungua kitufe na kuona springi imegeuka rangi ya buluu au kahawia, au imefupika, usijaribu kuivuta ili irefuke. Itupe utie nyingine ya kipimo kile kile.

Wapo wanaoondoa springi kabisa na kutia sumaku mbili zinazosukumana. Ni mbinu nzuri, kwani sumaku hazinywei kama springi. Hata hivyo, sumaku ndogo hizi za kisasa zile za kawaida huanza kupoteza nguvu joto linapopita nyuzi 80 za Selsiasi. Anayetia sumaku ili aponye joto amefunika kidonda bila kukisafisha.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji fundi. La kwanza ni kutoa betri na kuiweka mbali, mahali pasipo na funguo wala sarafu. Kisha fungua kitufe chote, na upange vipande kwenye kitambaa cheupe kwa utaratibu ulivyovitoa, maana kuna kiduara kidogo cha plastiki kinachotenganisha vyuma, nacho kikipotea au kikirudishwa upande usiofaa utasababisha shoti. Osha vyuma kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukisugua hesi kwa mswaki wa zamani. Shaba iliyofanya weusi husafishwa kwa limau na chumvi, kama akina mama wa pwani wanavyosafisha masinia, kisha husuuzwa vyema. Madoa ya masizi kwenye nguzo yaondoe kwa raba ya penseli. Yakikataa, tumia msasa laini sana, ila si kwenye nguzo iliyopakwa fedha, kwa sababu utaikwangua fedha yenyewe na kujiongezea ukinzani. Malizia kwa kupangusa kila mguso kwa spiriti, kisha acha vipande vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Usipake mafuta ya kupikia wala jeli ya mwili kwenye hesi. Hukusanya vumbi, na baada ya siku chache utakuwa ulipoanzia.

Unapokaza, hakikisha nguzo ya kitufe inaigusa betri barabara na kwamba betri haichezi ukitikisa bomba. Angalia pia matundu madogo yaliyo chini au ubavuni mwa bomba. Hayakuwekwa kwa urembo. Betri ikiharibika hutoa gesi kwa kasi, na gesi hiyo isipopata pa kutokea, bomba hugeuka bomu.

Maneno hayo si ya kutisha watoto. Ripoti ya mwaka wa 2017 ya shirika la serikali kuu ya Marekani linaloshughulikia masuala ya moto ilihesabu visa 195 vya sigara za elektroniki kushika moto au kulipuka nchini humo kati ya 2009 na 2016, na watu 133 kujeruhiwa. Mei 2018, mwanamume mmoja alifariki katika jimbo la Florida baada ya chombo kisicho na saketi ya kumlinda kulipuka. Nayo tume ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo Januari 2021 dhidi ya kununua na kutumia betri za 18650 zinazouzwa moja moja, kwa kuwa zilitengenezwa kuwa sehemu ya mafungu ya betri yenye ulinzi wake. Hizo ndizo betri zinazotiwa katika vyombo vingi vya aina hii: upana wa milimita 18, urefu wa milimita 65.

Kwa sababu hiyo, ni lazima mtu atambue joto linatoka wapi. Likiwa kwenye kitufe pekee, safisha. Likiwa juu kwenye kichwa, tazama kama koili na kichwa chenyewe vimekazwa. Lakini bomba zima likipata moto katikati, mahali betri ilipo, tatizo si kitufe tena. Acha kubonyeza, toa betri ikiwa bado inashikika, na uiweke juu ya saruji au mchanga nje ya nyumba. Betri nyingi nzuri za ukubwa huo zimepimwa na watengenezaji kwa mkondo endelevu wa ampea 20 hadi 30. Koili ya omu 0.1 inadai zaidi ya hapo, na hakuna usafi wa kitufe utakaobadilisha hesabu hiyo. Betri ambayo ganda lake la plastiki limechanika nayo isirudishwe ndani, kwa maana ubavu wake wote ni upande hasi na ukuta wa bomba uko karibu nayo. Tena ukikuta betri ya ukubwa huo imeandikwa kwamba inabeba mAh 9,800, jua umeuziwa uongo, na aliyedanganya kuhusu hilo huenda amedanganya kuhusu ampea pia.

Baada ya kurudisha kila kitu, jaribu kwa koili ya omu 0.5 au zaidi, ukibonyeza kwa sekunde mbili na kugusa kitufe. Kikiwa vuguvugu au baridi, kazi imekwisha. Kikiwa bado kinachoma kwa koili hiyo, hesi zimelika au nguzo imepinda, na chombo hicho hakifai kutiwa betri tena.