Kisanduku cha Maoni Mbele ya Mashine

Dodoso la LibQUAL+ la kupima huduma za maktaba, lililoanza kutumika mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na umoja wa maktaba za utafiti za Marekani na Kanada, lina maswali makuu 22 na kisanduku kimoja cha maoni. Kwa kila swali msomaji hutoa alama kati ya 1 na 9 mara tatu: kiwango cha chini cha huduma anachoweza kukivumilia, anachokitamani na anachokipata. Kisanduku hakina alama. Alama humweleza mkutubi kwamba wasomaji hawaridhiki na mahali pa kusomea. Kisanduku ndicho kinachomweleza kuwa soketi za ghorofa ya juu hazina umeme.

Kuyachambua maoni hayo ni kazi ya subira. Mkutubi husoma, hukipa kila kipande lebo fupi iitwayo msimbo, hulinganisha misimbo, kisha hutafuta dhamira inayoiunganisha. Maoni elfu moja yanaweza kumla wiki kadhaa, naye bado anahitajika kwenye kaunta. Si ajabu basi kwamba ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, wachambuzi waliikimbilia. Mwaka uliofuata programu za uchambuzi kama ATLAS.ti na MAXQDA nazo zikaongeza msaada wa akili mnemba. Maoni yaliyongoja mwezi mzima sasa hupangwa kwa dakika chache.

Yanapangwaje? Modeli ya lugha inayoendesha zana hizi hutabiri neno linalofuata kwa kufuata mazoea iliyoyaona katika maandishi mengi mno, na mengi ya hayo ni ya Kiingereza. Chukua maoni ya kubuni kama haya: “Maktaba ni tulivu kweli, hasa baada ya saa mbili usiku mnapotufungia nje.” Mashine yaweza kuyaweka kwenye fungu la sifa, chini ya utulivu. Mkutubi anayejua kuwa mabweni ya chuo chake yana kelele, na kwamba saa za kufunga zimepunguzwa muhula huu, anasikia lalamiko, tena lenye uchungu. Tena huenda mwanafunzi huyo ni mmoja tu kati ya mamia aliyelisema. Muhtasari hupenda kilichorudiwa. Jambo lililosemwa mara moja huzama, hata kama ndilo lenye uzito kuliko yote.

Hapa ndipo sauti ya watafiti Virginia Braun na Victoria Clarke inapohitajika. Makala yao ya mwaka 2006 kuhusu uchambuzi wa dhamira imekuwa mwongozo wa watafiti wengi, wakiwemo wakutubi. Wawili hao wanasisitiza kwamba dhamira hazijifichi ndani ya data zikisubiri kuokotwa. Mtafiti huzijenga kwa kusoma na kurudia kusoma, akitumia anachokijua na kuhoji upendeleo wake mwenyewe. Wanatenganisha pia mada na dhamira: “saa za kufungua” ni mada, ila “maktaba ndiyo mahali pekee pa kusomea kwa asiye na chumba” ni dhamira. Mashine ni hodari kwa mada. Mwaka 2025 Braun na Clarke walikuwa miongoni mwa waandishi wa barua ya wazi, iliyoungwa mkono na watafiti zaidi ya 400, wakikataa akili mnemba katika uchambuzi wa aina hii.

Msimamo huo ni mkali, na maktaba yenye mkutubi mmoja inaweza kuuona wa watu wenye nafasi. Lakini msingi wake ni thabiti. Kwa hiyo, hata ikitumiwa, mashine yafaa kuwa msomaji wa pili tu, baada ya mkutubi kusoma maoni yote na kutunga orodha yake ya misimbo. Hujaribiwa kwanza kwenye sehemu ndogo, majibu yake yakalinganishwa na ya mkutubi. Kila nukuu inayoitoa hutafutwa kwenye maandishi ya asili, kwa sababu modeli huweza kutunga maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Maagizo iliyopewa, toleo lake na tarehe huhifadhiwa, maana maagizo yaleyale yakirudiwa huweza kuzaa mafungu mengine.

Faragha nayo ina mitego. Kufuta majina hakutoshi: “mhudumu wa zamu ya jioni mwenye miwani” anajulikana na chuo kizima. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Je, mwanafunzi aliyejaza kisanduku miaka kumi iliyopita, akiamini atasomwa na mkutubi wake, aliridhia maneno yake yapelekwe kwenye seva ya kampuni ya nchi nyingine? Na, mbali na faragha, mafungu mawili ya mashine yakitofautiana, nani atawajibika kwa lile litakalopelekwa kwenye baraza la chuo?

Wakuu wa maktaba wanaotenga fedha za kununua programu hizi watenge pia saa za kazi za mkutubi kuyasoma maoni yote, moja baada ya jingine, kabla mashine haijafunguliwa.