Kiporo cha wali: kukipasha moto peke yake hakutoshi

Wiki hii tuzungumzie kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni kiporo. Wali wa futari umebaki, sufuria inafunikwa na kuachwa jikoni mpaka daku, kisha unapashwa moto na kuliwa. Baada ya muda mfupi mmoja anaanza kutapika, na lawama zinakwenda kwenye sharubati. Huenda mkosaji ni ule wali.

Mchele mbichi mara nyingi huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye makazi yake ni udongoni. Bakteria wengi hufa maji yanapochemka, lakini huyu hujifungia ndani ya ganda gumu na kubaki hai. Wali ukipoa na kukaa na uvuguvugu, ganda hufunguka, bakteria wanazaliana, na baadhi yao hutoa sumu ndani ya chakula. Moto wa jikoni hauivunji sumu hii ya kutapisha. Ukipasha wali mpaka ufuke moshi utakuwa umeua bakteria, ila sumu iko palepale. Anayeila hutapika kati ya nusu saa na saa 6 baadaye.

Usitegemee kunusa wala kuonja. Wali wa nazi uliochacha hunuka, ndiyo maana watu hudhani usionuka hauna neno. Sumu hii haina harufu. Nao wanaosema bibi zetu walikula viporo miaka yote wakumbuke kuwa waliougua tumbo zama hizo waliambiwa ni chango, mambo yakaishia hapo.

Basi tufanyeje? Dawa ni kukipoza chakula haraka. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa 2. Penye joto linalopita nyuzi 32, kama pwani wakati wa kaskazi, usingoje zaidi ya saa 1. Sufuria kubwa ya pilau ikifunikwa, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Sinia unalo nyumbani: tandaza wali juu yake uwe mwembamba, upungue joto, kisha utie kwenye vyombo vifupi na uweke ndani ya friji. Mchuzi uache ndani ya sufuria, uiweke katika beseni la maji baridi na kukoroga. Si lazima chakula kiwe baridi kabisa ndipo kiingie kwenye friji. Siku ya pili kipashe mpaka kifuke moshi kote, mara moja tu, na kinachobaki hapo kitupwe.

Friji nayo iangaliwe, maana wengi wanaiamini kama kabati. Inatakiwa iwe na baridi ya nyuzi 5 au chini yake. Bana noti kwenye mlango kisha uivute. Ikitoka bila kushika, mpira wa mlango umechafuka au umechoka. Anza kwa kuuosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Barafu ikijaa, zima friji na uweke bakuli la maji ya moto ndani mpaka iyeyuke. Tafadhali usiichokoe kwa kisu. Friji nyingi zimekufa kwa kisu, kwa sababu bomba likitoboka gesi yote inatoka.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Unaposafiri, gandisha maji ndani ya kikombe na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue umeme ulikatika muda mrefu na vitu vikayeyuka vikaganda tena. Nyama hiyo usiile, hata kama sasa ni ngumu kama jiwe.

Asiye na friji apike cha kutosha mlo mmoja, na kinachozidi kiende kwa jirani kikiwa bado cha moto. Kuanzia futari saa 12 na nusu jioni mpaka daku saa 10 alfajiri ni zaidi ya saa 9, na hotpoti haiwezi kushikilia nyuzi 60 muda wote huo. Kwa daku, chambua mchele mapema uuache mkavu, upike papo hapo. Ni robo tatu ya saa tu, na mzee wa nyumba anaweza kusaidia kuwasha jiko.

Ikitokea mtu ametapika au anaharisha, mpe maji yenye chumvichumvi za pakiti, ukichanganya pakiti kama ilivyoandikwa juu yake. Kama huna, lita 1 ya maji safi na salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, visiwe na kilima. Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 uendelee. Mtoto anayenyonya asiachishwe. Mtoto akishindwa kunywa, macho yakidumbukia, akikosa mkojo au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kupambazuke.