Koo, Moyo, na Masomo ya Waganga

Wasikilizaji wetu, mtu amalizapo chuo cha uganga hupewa shahada yake, akaenda kazini, na watu wakamwita Bwana Mganga. Wengi hudhani kwamba siku hiyo kujifunza kwake kumekwisha. Leo nataka kuwaonyesha, kwa habari za gonjwa moja la moyo, kwamba sivyo. Tena mganga adhaniye hivyo aweza kumdhuru mgonjwa kwa dawa iliyo njema.

Natutazame Kaengesa, katika uwanda wa juu wa Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai huko si ya mzaha. Usiku watoto hulala wamebanana, na mmoja akiumwa koo, wenzake nao huambukizwa. Maumivu mengi ya koo ni ya mafua tu, nayo huisha yenyewe. Lakini wako vijidudu waitwao streptokoka, ambao huleta homa, koo jekundu lenye maumivu makali, na matezi ya shingo kuvimba, mara nyingi pasipo kikohozi. Koo hupona, mtoto hurudi mchezoni, na wazazi husahau.

Baada ya majuma mawili au matatu, baadhi ya watoto hushikwa na homa tena. Goti huvimba, likapoa, kisha kikafuata kiwiko. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Askari wa mwili, waliotumwa kupigana na vijidudu, hukosea adui wakaushambulia moyo wenyewe. Ndani ya moyo mna milango minne, yaani vali, ifungukayo na kujifunga kila pigo ili damu isirudi nyuma. Ikipata makovu, huvuja au hubana. Miaka mingi yaweza kupita kimya. Kisha msichana aliyekuwa akichota maji bila taabu huanza kutweta, miguu ikavimba, asiweze kulala chali. Au gonjwa hufichuka akiwa mjamzito, wakati moyo unapodaiwa kazi zaidi. Hapo jirani husema amerogwa. Jina la Sumbawanga, wasemavyo wenyeji, maana yake ni kutupa uchawi; basi hapa ndipo mahali pa kulitii jina hilo.

Tiba yake ni ipi? Koo la streptokoka likitibiwa kwa penisilini kabla ya siku 9 kupita, homa ile huzuilika. Aliyekwisha kuugua hupigwa sindano ya penisilini nzito, idumuyo mwilini, kila majuma 3 au 4 kwa miaka mingi, wengine hata watimize miaka 40. Dawa hiyo yatumika tangu miaka ya 1950. Haifuti kovu, kazi yake ni kuzuia kovu lisiongezwe juu ya kovu. Milango iliyoharibika kabisa yataka kupasuliwa, na kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Lakini toka Sumbawanga hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Sindano ya zahanati i karibu zaidi.

Mganga aliyesoma zamani alifundishwa hayo, naye hakufundishwa vibaya. Ila elimu imeongezeka. Huko Gulu, kaskazini ya Uganda, watoto na vijana 818 walichunguzwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti, wakaonekana wana dalili za kwanza za gonjwa hili, hali wao wenyewe hawakusikia lolote. Nusu walipewa sindano kila mwezi, nusu hawakupewa. Habari zilitolewa mwaka 2021: baada ya miaka miwili, gonjwa lilizidi kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa, na kwa 3 tu kati ya 399 waliochomwa.

Je, basi kila mwenye gonjwa hili achomwe? Ndipo lilipo jambo ambalo mwalimu wa zamani hakulisema. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa onyo kwamba baadhi ya wagonjwa ambao milango yao imeharibika sana, na ambao tayari wanatweta au moyo umedhoofu, hufa mara baada ya sindano. Zamani kifo hicho kilihesabiwa kuwa mwili umeikataa dawa. Sasa yadhaniwa kwamba, kwa wengi wao, maumivu na hofu huangusha mapigo na nguvu ya damu, na moyo mbovu hauwezi kujiinua. Hao yafaa wapewe penisilini ya vidonge. Kwa wengine sindano ni salama mno, na wasiiache.

Kwa hiyo mafunzo kazini si anasa. Ziko semina, nakiri, ambazo faida yake kubwa ni chai na posho. Lakini mhadhara wa saa moja juu ya jambo hili, ukimfikia mganga wa zahanati na si daktari wa mjini peke yake, humfundisha kuweka sikio kifuani na kutazama miguu kabla ya kushika sindano. Humfundisha pia kumwuliza mama kama mtoto amekula na kunywa maji. Kumlaza kitandani, asichomwe amesimama. Kuusukuma uji ule mzito wa dawa polepole. Kisha kuandika katika kadi tarehe ya mwezi ujao, na kumwambia mama kwa Kifipa, kama Kiswahili hakimtoshi, kwa nini mtoto asiye na homa yampasa arudi.