Kizibo cha lavabo na macho yako

Baba mmoja wa kazi ya usiku alifika dispanseri akifunika jicho kwa mkono. Alitaka tu kubadilisha kizibo cha lavabo. Jana yake bibi yake alimimina soda kali katika tundu ili maji yapite. Baba hakuuliza. Alipolala chini na kufungua ekru, yale maji yakamwangukia usoni.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kizibo cha mpira chenye mnyororo, pima upana wa tundu, nunua kingine cha kipimo kile kile. Kile kinachopandishwa kwa chuma nyuma ya robine, weka ndoo chini, fungua ekru inayoshika chuma kile kwenye bomba, kivute, halafu toa kizibo kwa juu. Nywele na sabuni utakazokuta humo, mara nyingi ndizo zilizozuia maji: zitoe kwa waya. Tia kizibo kipya, kaza ekru kwa mkono, jaza maji, pitisha karatasi kavu chini. Ikilowa, kaza kidogo tena.

Lakini kwanza uliza watu wa nyumbani kama kuna aliyemimina dawa. Kama yupo, usifungue, mwite fundi. Na miwani ya kazi ivae hata nyumbani.

Dawa ikiruka jichoni, usingoje watu watafute maziwa. Fungua jicho chini ya maji safi dakika 20 au zaidi, ndipo uje kwetu. Yule baba alikuja mbio bila kunawa, na kutoka kwake mpaka dispanseri ni nusu saa kwa miguu.