Mvinyo wa Jirani na Udi Wangu

Usiku mmoja wa mwaka 2009 jirani yangu hapa Fedha alinigongea mlango yapata saa saba. Tangi la maji lililo juu ya paa lilikuwa limepasuka, na maji yalikuwa yakishuka ukutani. "Jirani, nisaidie," alisema, "maji yanaingia chumbani." Nikatoka na kikoi changu, nikidhani ni watoto waliokuwa hatarini. Kumbe watoto walikuwa sebuleni, wamelala juu ya magodoro sakafuni kama ilivyokuwa desturi yao, na chumba kilichokuwa kikiingia maji kilikuwa cha chupa.

Nadhani ni heri niseme mapema, ili wenzangu wa Pwani wasinifahamu vibaya, kwamba mimi situmii kinywaji hicho, na usiku ule nilibeba nilivyobeba kwa haki ya ujirani tu. Nilihamia hapa kutoka Lamu mwaka 1998 kwa ajili ya kazi ya ukarani katika kampuni ya mizigo ya ndege. Na Fedha, kwa asiyeijua, ni mtaa wa Embakasi, upande wa mashariki wa Nairobi, karibu na uwanja wa ndege, ambako mtu hujifunza kunyamaza katikati ya sentensi ndege inapopita, kisha akaendelea na maneno yake. Jirani yangu naye alikuwa mhudumu wa ndege. Kila safari aliyorudi, alirudi na chupa.

Chumba chenyewe kilikuwa kimewambwa mablanketi dirishani ili jua lisipenye. Kuta tatu zilikuwa na rafu za mbao alizozichonga mwenyewe, na chupa zimelazwa ubavu, safu juu ya safu. Alinieleza, huku tukihamisha, kwamba chupa hulazwa ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka husinyaa, hewa ikaingia, na kilichomo kikageuka siki. Joto linalofaa ni nyuzi kumi na mbili au kumi na tatu. Kipimajoto kilining'inia mlangoni, na umeme ulipokatika, jambo ambalo Eastlands si geni, alikuwa akiamka kutandaza magunia yaliyoloweshwa maji. Mkewe alisimama kizingitini akitutazama bila kusema neno. Nilipomuuliza bwana yule ni lini atazinywa chupa zote hizo, alinijibu: "Kuna siku yake."

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu kwa jina lake. Neno mvinyo tulilitwaa kwa Wareno, ambao kwao husema vinho, katika zama zile walipokuwa wakiitawala Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, mpaka wakang'olewa na Waomani mwaka 1698. Walituachia pia meza na leso, na hivyo viwili tumevitumia vizuri zaidi. Divai nayo ilitoka kwa Wafaransa. Ile aina iitwayo port, ambayo jirani aliithamini kuliko zote, ni ya hao hao Wareno: hutoka bonde la mto Douro, ambalo serikali yao iliwekea mipaka rasmi mwaka 1756 ili watu wa kwingine wasilitumie jina. Zabibu zikiwa bado zinachacha, humiminiwa pombe kali, mchacho ukakoma na utamu ukabaki. Ile iliyo bora, ya mwaka uliotangazwa kuwa mwema, huweza kuwekwa miaka hamsini na zaidi. Waingereza wenye mali walikuwa na ada ya kuiweka mtoto azaliwapo, ili inywewe atimiapo miaka 21. Angalau mtoto yule alijua siku yake.

Kwani ada kama hiyo ina mwisho, lakini maradhi ya kukusanya hayana. Mwaka 1985, katika mnada wa Christie's mjini London, chupa moja ya mvinyo wa Ufaransa ya mwaka 1787, iliyosemekana kuwa ilikuwa ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, ilinunuliwa na ukoo wa Forbes kwa pauni 105,000. Wakaiweka katika kabati la kioo na kuimulika taa. Taa zikakausha kizibo, kikateremka kikaingia ndani ya chupa. Baadaye ikaja shaka kubwa kama chupa hizo zilikuwa za Jefferson kweli: tajiri mwingine wa Marekani, Bill Koch, aliyekuwa amenunua nne za namna hiyo, alifungua mashtaka mwaka 2006 baada ya wachunguzi kumwambia kwamba herufi zilizochorwa juu yake zilichorwa kwa chombo cha umeme. Na mwaka 2014 kijana mmoja, Rudy Kurniawan, alihukumiwa kifungo cha miaka kumi huko New York kwa kuchanganya mvinyo nyumbani kwake na kuubandika karatasi za majina makubwa. Waliodanganywa walikuwa mabingwa wa fani. Ni wazi kwamba chupa isiyofunguliwa haiwezi kumsuta muuzaji wake.

Haya nilikuwa nikiyasimulia kwa kicheko, mpaka siku moja ya Idi jirani alipokuja kwangu kula pilau.

Alipoketi, akavuta pumzi na kuuliza ni nini kinachonukia vile. Nikajisikia fahari. Nikamwonyesha sanduku langu, sanduku la mti lenye misumari ya shaba, alilokuwa nalo babu yangu. Nikafungua. Ndani mlikuwa na chupa sitini na moja za mafuta ya udi: za tola moja, za nusu tola, za robo tola, kila moja na kikaratasi cha mwaka na nchi. Akazitazama kwa heshima, kama mtu aliyekutana na wa ukoo wake. Kisha akauliza, "Na wewe hizi huwa unazifungua lini?"

Nikasema, "Kuna siku yake."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Sina haja ya kuwafundisha watu wa Pwani habari ya manukato. Nyumba ya Lamu bila chetezo si nyumba, na mgeni aondokaye bila kurashiwa marashi huona kama hakukaribishwa. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ambari iliyo bora hupatikana katika bahari na pwani za Zanj, yaani kwetu. Na tumepokea kwa Anas bin Malik kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikataa manukato apewapo. Lakini yako mambo ya udi ambayo wengi wetu hatuyajui ingawa tunaufukiza kila Alhamisi jioni.

Udi hautoki katika mti mzima. Mti wa Aquilaria, uotao Assam, Kambodia, Vietnam, Malaysia na visiwa vya Indonesia, ukiwa na afya yake mbao yake ni nyeupe, nyepesi na haina harufu. Ni mpaka ujeruhiwe, kuvu akaingia, ndipo mti ukajitetea kwa utomvu mweusi mzito, na utomvu ule ndio udi. Vipande vyake hulowekwa majini siku nyingi, kisha vikachemshwa katika chombo ambacho Wazungu hukiita alembic, jina lililowafikia kwa Kiarabu, al-anbiq. Jirani yangu alipenda sana nilipomwambia hili, kwa kuwa ile pombe kali inayomiminwa katika port yake nayo hupitia chombo cha jinsi hiyo. Mafuta ya Assam, yale wauzaji wayaitayo Hindi, kwanza hunuka zizi la ng'ombe, na asiyezoea hukimbia. Akivumilia robo saa, ndipo huanza kunukia. Ya Kambodia ni matamu kama tunda lililoiva kupita kiasi. Watu wazima wamegombana mbele yangu, dukani Eastleigh, juu ya lipi ni bora, na mmoja wao nilikuwa mimi.

Miti ya mwituni ilikatwa mno. Mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini uliiweka aina moja chini ya ulinzi mwaka 1995, na aina zote zilizosalia mwaka 2005. Tangu hapo mafuta ya zamani, ya mti wa mwituni, yalipanda bei mwaka hata mwaka, na hapo ndipo mtu wa kukusanya huharibika. Zamani nilinunua ili nijipake. Nikaja nikinunua ili niwe nacho. Mwisho nilikuwa nikinunua kwa sababu mwingine angekinunua. Karo ya muhula mmoja ya binti yangu ilichelewa kwa ajili ya nusu tola ya Vietnam, na mke wangu akaja kulijua hilo kwa barua ya shule, si kwa kinywa changu.

Chupa niliyoienzi kuliko zote ilikuwa tola moja ya Assam, ambayo mjomba wangu aliniletea kutoka Maskati mwaka 1991. Ilikuwa ya kioo cheusi, imezibwa kwa nta, imelazwa katika kikasha cha bati kilichotandikwa pamba. Kila mwaka nilikuwa nikikifungua kile kikasha, nikanusa, nikakifunga.

Mwanzoni mwa mwaka 2016 mamangu alikuja Nairobi kwa matibabu akakaa kwetu wiki tano. Alikuwa mwanamke wa kupika udi mwenyewe: kila mwaka kabla ya Ramadhani aliweka sufuria, sukari, vipande vya udi na sandali, marashi, miski, akakoroga mpaka mikono ikamwuma, kisha akagawa wote. Mwaka ulipoisha hakuwa amebakiwa hata na wa kufukizia mto wake. Hapa Fedha dirisha lake lilielekea barabarani. Alhamisi moja akaniambia, "Mwanangu, huna hata tone la udi? Nyumba hii yanuka moshi wa magari."

Nikaenda kwenye sanduku. Nilikishika kile kikasha cha bati, naapa nilikishika. Nikafikiri kwamba nta ikishavunjwa haifungiki tena, na kwamba bei yake ingeshuka, na kwamba binti yangu angeolewa siku moja na hiyo ingekuwa ndiyo siku yake. Nikakirudisha. Nikamtilia mama tone la chupa ndogo niliyoinunua mjini, ya mafuta ya kuchanganywa, ambayo mimi mwenyewe nisingejipaka kwenda msikitini. Alinusa kiganja chake, akanitazama, akasema, "Ahsante, mwanangu." Baadaye, alipodhani simwoni, alijifuta kwa ncha ya leso.

Usiku mke wangu aliniuliza, "Umempa mama ya dukani?" Nikajifanya nimelala.

Alirudi Lamu, na mwezi wa Agosti ndugu yangu akanipigia simu baada ya alfajiri. Niliondoka na ndege ya kwanza mpaka Manda, nikavuka kwa mashua, na mfukoni mwa shati nilikuwa nimebeba kikasha. Mazishi yalikuwa baada ya alasiri. Wanawake walikuwa wamekwisha kuosha na kutia karafuu maiti, na dada yangu akatoka mlangoni kuuliza kama kuna manukato ya kutia katika sanda. Nikasema yapo. Nikavunja nta mbele yao wote.

Nikainamisha chupa, halikutoka tone. Nikaigonga kiganjani, hola. Ndugu yangu akaichukua akaielekeza kwenye mwanga, na hapo tukaona ufa mwembamba kama unywele ukizunguka shingo, chini ya nta, mahali ambapo jicho lisingeuona. Ile pamba ya kikashani upande wa chini ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa na kuwa ngumu. Tola nzima ilikuwa imevuja humo kidogo kidogo, sijui tangu mwaka gani. Ile harufu ya sandukuni mwangu, niliyokuwa nikijivunia kwa wageni, ilikuwa ni udi wa mjomba unaondoka.

Dada yangu hakuniuliza kitu. Aliingia ndani, akarudi na kopo la maziwa ya unga lililokuwa na udi wa kupika wa mama, wa Ramadhani ile iliyopita, fungu alilogawiwa yeye, akatia makaa katika chetezo na kuifukiza sanda kwa huo.

Ndugu yangu alibaki na kikasha. Aliibandua ile pamba kwa kucha, akaikata vipande, akampa kila mwanamume wa ukoo aliyekuwapo kipande kidogo. Chake akakitia katika kikunjo cha sikio, kama wazee wetu wafanyavyo siku ya Ijumaa. Kingine akakitia katika sikio langu mimi kwa mkono wake, tukaingia chini ya jeneza.