Jicho Lisiloumwa Nalo Lataka Kupimwa

Katika vilima vya Kangundo, huko Machakos, hakuna kazi isiyohitaji macho mazuri. Mchumaji wa kahawa hana budi kubagua tunda jekundu lililoiva na lile bichi, kwani mabichi yakichanganywa na mengine hushusha ubora wa kahawa na bei yake. Mama asukaye kiondo hufuata uzi mmoja mmoja. Karani wa chama cha ushirika huandika kilo za kila mwanachama, na kosa la tarakimu moja huleta ugomvi.

Hata hivyo, watu wengi humwendea tabibu wa macho siku ile tu wanapopatwa na maumivu. Desturi hii ni ya hatari, kwa sababu maradhi makubwa yapofushayo watu wazima mara nyingi hayaumi.

Mmoja wa maradhi hayo ni mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida hung'aa kama kioo, huingia ukungu kidogo kidogo hata mtu asiweze kutambua nyuso za watoto wake. Ugonjwa huu unatibika. Jicho hutiwa ganzi, lenzi iliyoharibika hutolewa, na nyingine iliyotengenezwa huwekwa mahali pake. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Presha ya macho ni adui mbaya zaidi. Maji ya ndani ya jicho yasipotoka vyema, huukandamiza mshipa upelekao habari za kuona kwenye ubongo. Mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona kandokando, na kwa kuwa mbele bado aona sawasawa, hana habari. Anapokuja kutambua, sehemu kubwa imekwisha kupotea, wala hakuna daktari awezaye kuirudisha. Dawa ya matone au upasuaji huweza kuyalinda yaliyobaki tu. Ugonjwa huu huwapata zaidi watu weusi, tena hufuata ukoo. Kwa hiyo mtu ambaye baba, mama au ndugu yake anao, asichelewe kupimwa.

Wako wanaonunua miwani sokoni Tala bila kupimwa. Miwani hiyo yaweza kumwezesha mtu kusoma gazeti, lakini haiwezi kumjulisha kwamba mshipa wa jicho lake unakufa. Wengine hutia jichoni maziwa au maji ya majani. Dawa za namna hiyo huleta vidonda ambavyo vikipona huacha kovu jeupe, na jicho lisione tena.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na kwamba bilioni 1 kati yao wangaliweza kukingwa au bado hawajapata matibabu.

Basi yafaa kila aliyefikia umri wa miaka 40 apimwe macho kila mwaka mmoja au miwili, na mwenye kisukari kila mwaka bila kukosa. Mtoto asiyeona ubao shuleni naye apelekwe, asije akaitwa mjinga bure. Wa Kangundo aanzie hospitali ya hapo hapo, ambako ataelekezwa Machakos au Nairobi ikiwa lazima.

Mkulima hodari hukagua mibuni yake ingali na majani mabichi. Hangoji ikauke. Na macho yake ayatunze vivyo hivyo.